Vanishi Inayokimbia Vidole

Vanishi ikishapulizwa, fundi hana tena la kufanya. Anasimama, anashika kiuno, anatazama. Giyarto aliipenda dakika hiyo kuliko zote katika kazi yake. Helmeti iko juu ya kigingi, imelowa na inameremeta, naye anaizunguka taratibu akiwa ameinamisha kichwa, akiangalia mwanga wa taa ya tyubu unavyoteleza juu yake bila kukwama popote. Akiridhika husema "Alhamdulillah" ndani ya barakoa, anaivua, anakwenda kunywa chai.

Asubuhi ile Alhamdulillah ilimkwama kooni. Juu ya utosi wa helmeti, palepale alipotaka pang'ae kuliko kwingine, kilifunguka kitundu kidogo cha duara. Kikafuata kingine. Halafu vitatu kwa mpigo. Vanishi ilikuwa inajikunja na kukimbia, ikiacha vitundu vinamtazama, na ndani ya kila kitundu ilionekana rangi kavu ya chini. Mafundi wa rangi wa Kartasura wanaujua ugonjwa huo na wanauita macho ya samaki. Giyarto alikuwa akiwacheka wenzake wanaopatwa nao.

"Pram!" aliita. "Hebu njoo uone maajabu."

Pramuji alitoka chumba cha nyuma akiwa na kibunduki chake kidogo cha kuchorea mkononi. Wawili hawa walikuwa wameanza pamoja wakiwa vijana, wakipaka rangi madigadi ya pikipiki nyuma ya nyumba ya kina Giyarto, hadi wakapata karakana yao kando ya barabara ya Solo na bango lenye majina yote mawili. Pramuji alichora. Giyarto alimalizia kwa vanishi. Mchoro bila vanishi hufutwa na mvua moja, na vanishi bila mchoro haimvuti mtu, kwa hiyo hawakuwahi kuulizana nani mkubwa. Giyarto alikuwa mkubwa kwa umri tu, na kwa sababu hiyo Pramuji alimwita Kang, kama mtu anavyomwita kaka yake wa tumbo moja.

"Lo," alisema Pramuji. Akainama. "Macho ya samaki. Kwako wewe, Kang?"

"Kwangu mimi. Cheka basi, nilishawacheka wengi."

Pramuji hakucheka. Helmeti ile haikuwa ya kuchekea. Ilikuwa ya Pak Hardono, mwenyekiti wa chama cha pikipiki za zamani, na angeivaa akiwa mbele ya msafara mkubwa wa chama. Pramuji alikuwa amechora juu yake mlima wa ngozi, ule unaosimamishwa katikati ya pazia mchezo wa vivuli unapoanza na unapokwisha, na alikuwa ameuchora, pamoja na mti ulio ndani yake, jani kwa jani. Macho ya samaki yalikuwa yametua juu ya kilele.

"Kompresa ina maji," Giyarto aliamua. "Msimu huu hata godoro lina maji."

Vanishi ilipokauka, akaisugua kwa msasa wa maji mpaka vitundu vikaisha. Akafungua tangi la kompresa, akatoa maji yote. Akabadilisha chujio. Akaosha bunduki ya rangi hadi sindano yake ya ndani, akanunua tina mpya ya kuzimulia vanishi, maana tina ya kuchakachuliwa iliwahi kumtesa fundi mmoja wa Boyolali hadi akarudi kulima. Pramuji alimsaidia kila hatua. Alimshikia tochi Giyarto alipolala chini ya kompresa, akampa spana, akamwambia, "Pole, Kang."

Akapuliza tena. Macho yakarudi.

Sasa, anayeijua kazi hii anajua kwamba kila kasoro ya vanishi ina tabia yake. Ukipuliza kwa mbali mno inakauka angani na kukaa kama ganda la chungwa. Ukipuliza kwa karibu na kwa pupa inachuruzika machozi. Unyevu ukizidi inaingiwa na ukungu mweupe. Ila macho ya samaki hayaji hivihivi. Yanaletwa na mafuta. Tone dogo lisiloonekana linatosha, na vanishi ikikutana nalo inarudi nyuma kama mtu aliyemwona mdai wake. Kwa hiyo Giyarto alikuwa na swali moja tu: mafuta yanatoka wapi?

Akasimama mlangoni akiwaza, na pua yake ikaelekea ukutani kwa jirani. Nasema pua kwa desturi tu. Pua ya Giyarto ilikuwa imekufa siku nyingi, tina iliichukua. Lakini macho yake yalikuwa mazima, na yaliona karai la Yu Samirah likifuka moshi. Mtaa mzima ulimwita Yu kwa kuwa alikuwa dada mkubwa wa kila mtu, na mtaa mzima ulikula tempe zake za soya na bakwan zake za mboga za kukaanga.

Akamwendea, wateja wakiwa wamejaa.

"Yu, samahani. Hilo karai lako..."

"Karai langu limekufanya nini tena?"

"Mafuta yanapanda na moshi. Yanakuja kwangu. Vanishi inakataa kukaa."

Yu Samirah aliweka chini kijiko chake cha matundu. Hiyo haikuwa dalili njema.

"Giyar, mimi nakaanga hapa tangu hujaota ndevu. Miaka yote hiyo mafuta yangu yalikuwa yanakwenda wapi? Yalikuwa likizo?"

"Sisemi kwamba..."

"Unasema. Umesema mbele ya wateja. Mchagua jembe si mkulima, mdogo wangu." Akamtazama juu hadi chini, akavuta hewa puani kwa madaha. "Na kabla hujanusa karai langu, jinuse mwenyewe kwanza. Unanukia kama bwana harusi anayesubiri gari!"

Watu wakaangua kicheko. Giyarto akarudi masikio yakimwaka. Alikuwa ametoka jasho tangu alfajiri, shati limemganda mgongoni, kwa hiyo alielewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: kwamba ananuka, na mwanamke yule amemsema kwa kinyume. Pramuji alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na alisikia kila neno.

"Usimjali," alisema Pramuji. "Twende ndani."

Akasugua tena. Safari hii msasa ulikula dhahabu ya kilele, Pramuji akalazimika kuchora upya, na alichora kimya. Giyarto akaziba dirisha la upande wa karai kwa nailoni. Akaiosha helmeti kwa sabuni, akaifuta kwa tina, akaifuta vumbi. Kisha akafanya lile alilolifanya maisha yake yote kabla ya vanishi. Alifuta mikono yake kwa kitambaa cha shingoni, akapitisha vidole vitupu juu ya helmeti, kutoka utosini kushuka hadi kidevuni, kusikiliza kama pana chembe iliyobaki.

Hapa ndipo mtu angeweza kumlaumu. Mafundi wenzake wote walivaa glovu, na walimwambia. Yeye alijibu kwamba glovu ni kiziwi. Na kitambaa kile cha shingoni alikuwa hakiachi. Kilikuwa kipande cha batiki ya marehemu mama yake, kahawia, kilichofuliwa hadi kikawa laini kama sikio la mtoto. Kiliishi kwenye msumari karakanani. Akifika anakivaa, jioni anakisuuza bombani na kukitundika. Nyumbani hakikuwahi kufika, maana mkewe hakutaka harufu ya rangi ndani.

Akapuliza. Akasubiri. Na mara hii aliona jambo ambalo hakuliona mwanzo, kwa sababu mara hii aliogopa na mtu mwenye hofu anatazama vizuri. Macho hayakutapakaa ovyo. Yalishuka kwa mistari, kutoka utosini hadi kidevuni, mistari minne iliyokaa sambamba.

Ilikuwa njia ya vidole vyake.

Giyarto alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akageuza viganja akavitazama chini ya taa. Mikono hii ilimpa mke, nyumba, na jina mpaka Klaten. Sasa vanishi yenyewe inaikimbia. Alikuwa amesikia kwamba watu wengine wakifikia umri fulani ngozi yao hubadilika, hutoa mafuta au chumvi, hata pete huwa nyeusi kidoleni mwao. Alikuwa hajaamini.

"Ni mimi, Pram," alisema. "Tumesumbua kompresa ya watu. Tumesumbua karai la watu. Kumbe ni mimi."

Pramuji alichuchumaa mbele yake. Hakumtazama usoni, alitazama mikono ile.

"Umri, Kang. Si kosa lako."

"Vanishi haitaki mikono yangu."

"Umeitumikisha sana." Pramuji akaketi sakafuni. "Unamkumbuka Rendra? Binamu yangu wa Semarang, aliyekuja wakati wa Idi."

Giyarto alimkumbuka. Kijana wa maneno mengi, mwenye chumba cha kupulizia kilichofungwa pande zote na joko la kukaushia, aliyezunguka karakana yao akisema siku hizi vanishi ni kazi ya mitambo. Giyarto alikuwa amecheka na kumkaribisha chai.

"Yuko tayari kuja," alisema Pramuji. "Na vifaa vyake vyote. Wewe ungepumzika. Ungekuwa unakuja tu kutuangalia, kama mzee wetu."

Kama ungemwambia Giyarto maneno hayo mwezi mmoja kabla, angekutupia kopo la rangi. Ila siku ile alikuwa amekaa kwenye ndoo, viganja juu ya magoti, na alijisikia mwepesi na mtupu. Aliona aibu kwamba rafiki yake amelazimika kumbembeleza.

"Mlete," alisema. "Aje amalizie helmeti ya mwenyekiti. Mimi nimeishiwa."

Pramuji aliishika mikono miwili ya Giyarto akailaza kwenye paji la uso wake mwenyewe, kama mtu anayemuaga mzazi. Alikuwa analia. Giyarto akafikiri, nina rafiki mimi.

Akaenda nyumbani jua likiwa bado juu. Kwa mara ya kwanza alisahau kukivua kitambaa.

Mkewe, Muryani, alikuwa barazani akichambua mchicha. Kwa siku kadhaa alikuwa hasemi naye ila kwa lazima. Sahani ziliwekwa mezani kwa kishindo, na jibu la kila swali lilikuwa "sijui". Giyarto, akiwa na msiba wa vanishi kichwani, alikuwa hajauliza kwa nini.

"Nimeacha kazi," alimwambia. "Binamu yake Pram atachukua nafasi yangu. Mikono yangu imekwisha."

Muryani hakuinua kichwa. "Na huyo wa asmini umeshamwambia? Au yeye alijua kabla yangu?"

"Huyo nani?"

"Giyarto, usinifanye mjinga. Pua yako imekufa, yangu haijafa. Wiki nzima unarudi hapa unanukia asmini na marashi ya maiti. Ni nani? Ni yule mpambaji maharusi wa Ngadirejo?"

Giyarto alifungua mdomo ukabaki wazi. Kisha akasikia sauti ya Yu Samirah, na kicheko cha wateja. *Unanukia kama bwana harusi.*

"Muryani," alisema polepole, "nanukia wapi?"

"Mimi nikunuse?"

"Ninuse. Nakuomba. Wapi hasa?"

Labda ilikuwa ile sauti yake. Muryani aliweka mchicha chini, akasogea kwa shingo upande, akanusa nywele, akanusa bega, kisha akarudi nyuma kwa ghafla.

"Hapa," alisema, akakishika kitambaa kwa ncha ya vidole viwili. "Kimelowa mafuta hiki. Cha mama yako! Nani kakitia mafuta?"

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na habari za Giyarto, lakini wangemwona siku ile wangeongeza sauti. Alikivua, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa nailoni. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa zito mno kulitoa kinywani. Funguo za karakana zilikuwa mbili. Na mwenye ufunguo wa pili ndiye aliyekuwa anafika wa kwanza kila siku.

Asubuhi alimtangulia Pramuji.

Hakutaka kumdhania mtu kwa harufu tu, tena harufu asiyoweza kuinusa mwenyewe. Alitaka kuona. Ukutani ilitundikwa helmeti yao ya kwanza, ya tangu enzi za madigadi, ambayo Pramuji alichora simbamarara aliyetoka kama paka mwenye njaa. Wateja waliicheka, na wao waliitundika kwa sababu hiyohiyo. Giyarto aliitungua. Akaiosha, akaisugua kidogo kwa msasa, akaifuta. Akanawa mikono kwa sabuni ya vyombo hadi ikalia, akapitisha vidole vitupu upande wa kulia wa paka. Kisha akakitoa kitambaa cha mama yake kwenye nailoni, akafutia mikono kama alivyofanya kila siku, akapitisha vidole vilevile upande wa kushoto.

Akavaa barakoa. Akapuliza pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Akasimama, akashika kiuno.

Upande wa kulia vanishi ilitandaza maji yake, ikatulia, ikang'aa. Hapakuwa na hata nukta. Upande wa kushoto macho yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, mistari minne.

Mikono yake ilikuwa mizima. Alingojea furaha, haikuja. Kwa kweli angalitamani ingekuwa ngozi. Ngozi ikizeeka hujamkosea mtu na mtu hajakukosea.

Pramuji aliingia akiwa na bakwan za moto kwenye karatasi na uso wa mtu aliyelala vizuri. "Kang! Mapema hivi? Rendra anafika mcha..." Akaiona helmeti ya paka juu ya kigingi. Akaona upande wa kulia. Akaona upande wa kushoto. Akakiona kitambaa mezani.

Hakuna aliyemweleza. Alikuwa fundi, alisoma mwenyewe.

"Ni nini hiki, Pram?"

Pramuji aliziweka bakwan mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mayai.

"Nimekuuliza."

"Mafuta tu, Kang."

"Najua ni mafuta, mimi ndiye niliyepigana nayo. Ya nini?"

"Ya kulainisha."

"Kulainisha nini?"

Pramuji alijibu akitazama sakafu. "Moyo wako."

Giyarto alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilimwuma kifuani. "Umenitilia limbwata! Mimi! Wanawake huwatilia waume zao ili wasitoke nje. Wewe umenitilia ili nitoke!"

"Kang, nisikilize..."

"Nani alikupa?"

"Mzee mmoja wa juu kule, mlima Lawu. Alisema kitu cha mama hulainisha moyo wa mtoto. Nilijua una kile kitambaa." Maneno sasa yalimtoka kwa kasi. "Rendra amenibana tangu Idi. Bila yeye karakana hii haifiki mwakani, kila mtu ana joko sasa. Na nilishindwa kukwambia. Kila nikikaa nikufungulie mdomo, wewe unanimiminia chai. Ningekwambiaje? Nikasema, bora moyo wake ukubali wenyewe, tusije tukagombana. Wallahi, Kang, sikutaka kuharibu vanishi. Nilidhani kitambaa ni cha jasho tu."

Giyarto aliyasikia yote hayo, na kwa tabia yake angeweza kuyameza. Mtu mwoga huyu, alimjua. Pramuji alikuwa mtu wa kuzunguka kijiji kizima ili asikutane na mtu aliyemkatalia ombi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokataa kumezeka, na aliliuliza kwa sauti ya chini.

"Ulijua lini?"

"Nilijua nini?"

"Pram. Wewe ni fundi wa rangi. Ulijua lini kwamba macho yale yanatokana na mafuta yako?"

Nje karai la Yu Samirah lilianza kuchemka.

"Ile mara ya pili," alisema Pramuji.

Mara ya pili. Giyarto alihesabu kwa moyo. Basi alipokwenda kumdhalilisha mwanamke wa watu mbele ya wateja, Pramuji aliyesimama mlangoni alikuwa anajua. Alipoziba dirisha kwa nailoni, alikuwa anajua. Kilele cha mlima kilipoliwa na msasa, Pramuji alikichora upya jani kwa jani huku akijua, na asubuhi iliyofuata akakipaka kitambaa mafuta tena. Na alipokaa kwenye ndoo ile akiitazama mikono yake kama mikono ya maiti, rafiki yake alichuchumaa mbele yake akamwambia: umri, Kang. Mafuta angeweza kuyasamehe. Lile neno umri lilimvunja.

"Uliona dawa inafanya kazi," alisema.

Pramuji alifunika uso kwa viganja.

"Ungeniambia tu."

"Ungekubali?"

"Ningekataa! Ningekutukana wewe, na Rendra, na babu yenu aliyewazaa. Wewe ungenitukana. Saa ya chakula tungekaa hapahapa tukala kwa kununa. Kesho ningekataa tena. Keshokutwa labda ningechoka, nikasema haya, mlete. Ndivyo watu wanavyofanya, Pram. Ulikuwa unaogopa nini?"

Pramuji akazifunika bakwan kwa karatasi yake.

Giyarto akageuka. Akanawa mikono tena kwa sabuni hadi viwikoni. Helmeti ya Pak Hardono ilikuwa imeshasuguliwa na kilele chake kuchorwa, inamsubiri Rendra. Akaiweka kwenye kigingi. Akaifuta, akapitisha vidole vitupu kutoka utosini hadi kidevuni, akasikiliza, hapakuwa na chembe. Akachanganya vanishi, akavaa barakoa, akapuliza, mkono unakwenda na kurudi bila haraka, kila mkupuo ukilala nusu juu ya mwenzake. Pramuji alisimama nyuma yake.

Akaizunguka. Mwanga uliteleza kutoka jani hadi jani, ukapanda kileleni, ukashuka upande wa pili.

"Alhamdulillah," alisema Giyarto, akavua barakoa.

"Kang." Pramuji alikuwa amemshika shati. "Baki. Nampigia simu Rendra sasa hivi, asije. Baki, tusahau."

"Nilikwambia mlete. Nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu, na ulilia."

"Lakini ilikuwa kwa sababu ya..."

"Dawa imefanya kazi, Pram. Kamwambie mzee wako wa mlimani. Ulitaka nitoke bila ugomvi." Aliutoa mkono wa Pramuji kwenye shati lake, kidole kimoja kimoja, bila kuuminya. "Natoka bila ugomvi."

Akachukua bunduki yake ya rangi, akakichukua kitambaa cha mama yake kwenye nailoni. Helmeti ya paka aliiacha juu ya kigingi, upande mmoja kioo, upande mwingine macho.

"Basi nitukane!" Pramuji alimfuata hadi mlangoni, sauti imempasuka, na wapita njia wakageuka. "Kang Giyar! Nitukane basi! Nipige hata kofi!"

Giyarto hakugeuka. Alisimama mbele ya karai la Yu Samirah, na mwanamke yule akamkazia macho, kijiko mkononi, tayari kwa vita.

"Yu," alisema, "siku ile nilikusingizia. Karai lako halikuwa na kosa. Nimekuja kuomba radhi."

Yu Samirah alimtazama, akamtazama Pramuji kule mlangoni, akarudisha macho kwake. Hakuwa amezoea watu wa namna hiyo.

"Yaani umenijia hivihivi, uso kwa uso, mbele za watu?"

"Kuna njia nyingine?" alisema Giyarto.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ila barabara wakati huo ilikuwa imetulia, na mlangoni pa karakana lilisikika.